Kupiga Picha Ufuo wa Dunga Siku ya Upepo

Mkazi wa Kisumu anayependa kupiga picha ana tatizo ambalo mgeni hana: ufuo anaujua mno. Simu yake imejaa picha za Dunga na Hippo Point, kando ya Ziwa Victoria, na nyingi zinafanana kama pacha: jua linazama, mashua moja imetia nanga, maji yametulia kama kioo. Siku ya upepo mkali wengi huacha kamera nyumbani wakidhani siku imeharibika. Mimi nadhani hiyo ndiyo siku ambayo ufuo uliouzoea hukubali kupigwa picha upya, mradi ukumbuke kwamba upepo wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni kile unachokisukuma, na hata hicho hakionekani kuwa kinasukumwa mpaka kuwe na kitu kando yake kilichokataa kusogea. Kwa hiyo picha ninazozieleza hapa zinajengwa kwa vitu viwili, kimoja kinachoyumba na kimoja kilichosimama imara, na faida ya mwenyeji ni kwamba anajua tangu nyumbani mahali ambapo viwili hivyo hukutana.

Hatua ya kwanza: ijue saa ya upepo

Pwani ya Bahari ya Hindi watu huhesabu upepo kwa misimu, wakautaja kusi au kaskazi. Huku ziwani upepo hufuata saa zaidi kuliko miezi. Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, na hewa iliyopoa huteremka kuelekea ziwani hadi asubuhi. Jua likishapanda ardhi hupata joto upesi, hewa iliyo juu yake hupaa, na hewa ya ziwani huvutwa ije kujaza nafasi hiyo. Ndiyo sababu maji ya saa moja asubuhi huwa yamelala na yale ya saa tisa alasiri huwa yamechafuka, ingawa siku ni ileile. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniona nimefika mapema mno na kamera shingoni, akaniambia, "Nyathina (mwanangu), ziwa bado limelala. Nenda ukanywe chai, urudi saa nane." Nilirudi saa nane na nusu, na mashua nilizoziacha zikielekea huku na huku zilikuwa zote zimegeuza pua upande mmoja.

Upepo huo wa alasiri hufika mjini kutoka magharibi na kusini-magharibi, ukiwa umepita juu ya maji ya Ghuba ya Winam kwa makumi ya kilomita bila kukatizwa. Kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji bila kizuizi ndivyo wimbi linavyokua, na kwa kuwa ghuba yetu haina kina kirefu, mawimbi yake huwa mafupi, yaliyosongamana na yenye ncha, tofauti na yale marefu ya Diani. Kwa mpiga picha hiyo ni habari njema, kwa sababu lenzi ndefu inaweza kuyabana mawimbi saba au manane katika fremu moja yakaonekana kama mistari ya shamba lililolimwa.

Nguvu ya upepo unaweza kuisoma kwa macho. Vichwa vyeupe vichache vikianza kuonekana hapa na pale, upepo una kasi ya kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Vikiwa vingi, hapo ni kilomita 20 hadi 28, na hiyo ndiyo hali ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ziwa lina uhai lakini mtu bado anaweza kusimama bila kushikilia kofia. Ukizidi hapo, piga picha kutoka nchi kavu na usipande boti, hata kama nahodha anakuhakikishia kwamba hakuna neno. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa watumiaji wa ziwa, na inafaa kuusikiliza kabla ya kutoka.

Hatua ya pili: chagua kinachoyumba na kilichosimama

Usifike ufuoni na kuanza kupiga ovyo. Tembea kwanza robo saa, kamera ikiwa mkobani, ukijiuliza swali moja tu: hapa upepo umeshika nini?

Jozi rahisi kuliko zote ni mafunjo na nguzo. Mafunjo, ambayo wenyeji huyaita togo, yana bua refu lililo wazi na kichwa cha nyuzi nyembamba, na upepo ukivuma hayainami yote kwa pamoja. Yanainama kwa zamu, safu kwa safu, kiasi kwamba unaweza kuuona mkupuo wa upepo ukija kutoka majini kama mkono unaopapasa manyoya ya paka. Tafuta mahali ambapo nguzo ya gati, mti mkavu au mashua iliyopandishwa nchi kavu imesimama mbele ya mafunjo hayo. Bila kitu cha namna hiyo utapata picha ya majani yaliyofifia, na mtazamaji atadhani mkono wako ulitetemeka.

Mashua zina tabia yake. Iliyofungwa kwa kamba moja ya mbele hugeuka na kuelekeza pua kwenye upepo, lakini iliyofungwa mbele na nyuma haiwezi kugeuka, hivyo hupigwa ubavuni na kurusha maji. Ya kwanza inafaa kwa picha ya safu, pua zote zikielekea magharibi kama ng'ombe waliosikia kitu kichakani. Ya pili ndiyo yenye rasharasha, na ukitaka kunasa maji yakiruka juu ya ubao wenye jina la mashua, kaa na hiyo moja tu kwa dakika ishirini bila kuhamahama.

Ndege nao hutua na kuruka wakielekea upepo. Ukisimama ufuoni, upepo wa magharibi ukikupiga usoni, yangeyange na mnandi watakuonyesha migongo kila wanaporuka. Ukisogea hadi mwisho wa gati, ukageuka kutazama nchi kavu huku upepo ukiwa mgongoni, ndege yuleyule ataruka akikujia. Tofauti ni hatua thelathini, na ndiyo tofauti kati ya picha ya kufuta na picha ya kuweka.

Gugumaji ninalitaja kwa sababu watu wengi huona limewaharibia siku. Upepo hulisukuma kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hivyo ghuba iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuwa imefunikwa alasiri. Mahali lilipotanda povu huzimika, lakini wimbi halifi, maana hupita chini ya majani hayo na zulia lote la kijani huinuka na kushuka polepole kama tumbo la mtu aliyelala. Nimelitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Likipigwa kutoka juu kidogo, mtumbwi mmoja ukiwa umekwama katikati, ni picha ambayo siku tulivu haiwezi kuitoa.

Hatua ya tatu: itulize kamera

Hapa nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuweka stendi ya miguu mitatu juu ya mbao za gati, nikaikaza vizuri, nikapiga picha zaidi ya thelathini za mafunjo yakiyumba, na kwenye kioo kidogo cha kamera zote zilipendeza. Nyumbani, kwenye kompyuta, nguzo zilikuwa zimefifia sawa na mafunjo. Upepo haukuwa na hatia. Kila mtu aliyepita nyuma yangu alizitikisa mbao kwa hatua zake, na mbao zikaitikisa stendi. Tangu siku hiyo, picha za shata ya polepole (shata ni pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) huzipiga nikiwa nimesimamisha stendi ardhini, na nikilazimika kuwa juu ya gati husubiri wapita njia wamalizike ndipo nibonyeze.

Stendi yenyewe iweke chini kadiri mada inavyoruhusu. Panua miguu, usivute sehemu nyembamba za mwisho, na usiinue nguzo ya katikati hata kidogo, kwa sababu hiyo ndiyo inayotetemeka kwanza. Mguu mmoja uelekeze upande ambao upepo unaenda, maana stendi huanguka kwa urahisi zaidi kupitia pengo lililo kati ya miguu miwili. Wengi hutundika mkoba katikati ili kuongeza uzito, na ni wazo zuri iwapo tu mkoba unagusa ardhi. Ukining'inia hewani utabembea na kuitikisa stendi zaidi ya upepo wenyewe. Mkanda wa shingoni uvue kabisa au ufunge, kwa kuwa upepo huupigapiga kama bendera.

Asiye na stendi asikate tamaa. Egemea mti, bana viwiko mbavuni, simama ubavu kwa upepo badala ya kuukabili kifua wazi, na upige picha tatu au nne mfululizo, kwani ya katikati mara nyingi hutoka tulivu kuliko ya kwanza, ambayo hubeba mtikiso wa kidole.

Kuhusu maji yanayoruka, maji ya ziwa hayana chumvi kama ya bahari, lakini yana matope na mwani, na tone likikauka juu ya lenzi huacha duara linaloonekana wazi unapoielekeza kwenye jua. Beba vitambaa viwili laini, kimoja cha kufuta maji na kingine kikavu cha kumalizia, na upulize vumbi kwanza kabla ya kufuta ili usikwaruze kioo. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, mimi huifunika kamera kwa kofia ya kuogea, ile yenye lastiki, ambayo huikaa vizuri ajabu. Lenzi usibadilishe ukiwa ufuoni. Chagua moja kabla ya kutoka nyumbani na uvumilie.

Hatua ya nne: amua kasi ya shata

Huu ndio uamuzi unaobeba picha yote, nao una njia mbili ambazo hazichanganyiki. Ama unausimamisha mwendo, ama unauacha uandike alama yake. Kasi za katikati, kama 1/60 ya sekunde, hutoa mwendo usio huku wala kule.

Ukitaka matone ya maji yaonekane moja moja hewani, tumia 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Mashua inayoyumba hutulia kwa 1/250. Weka kamera katika hali ya kupiga mfululizo na ulengaji (fokasi) wa kufuata mwendo, kisha usiibonyeze kila wimbi linapokuja. Mawimbi huja kwa mafungu: madogo kadhaa, halafu mawili au matatu makubwa, halafu utulivu kidogo. Yatazame mafungu mawili au matatu bila kupiga, na la nne utakuwa tayari kabla halijafika.

Ukitaka mafunjo yageuke moshi wa kijani, unahitaji kati ya 1/8 na nusu sekunde, na hapo hesabu ndogo inahitajika. Jua likiwaka, kwa ISO 100 (kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga) na tundu la lenzi la f/16, mwanga unaofaa ni takriban 1/100 ya sekunde, kwa hiyo 1/8 itakupa karatasi nyeupe tupu. Una njia tatu. Subiri wingu zito, ambalo linaweza kukushusha hadi karibu 1/15. Au subiri jua lishuke. Au funga kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, ambacho ndicho ninachokishauri kwa mtu atakayependa picha za aina hii, kwa sababu kinamwachia uhuru wa kuchagua saa. Lenga nguzo, kisha zima ulengaji wa kujiendesha, maana kamera ikiachwa itayafukuza mafunjo kila yanapopita mbele yake.

Kwa simu mambo ni tofauti kidogo. Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, na pia hupenda kuunganisha picha kadhaa kuwa moja ili kusawazisha mwanga na kivuli. Kwenye maji yanayosogea uunganishaji huo huzaa mizimu, yaani wimbi lenye kingo mbili au ndege mwenye mbawa nne. Ukiona hivyo, zima HDR, yaani uunganishaji huo, ikiwa simu yako inaruhusu, na hali ya usiku usiitumie kwa kitu kinachoyumba. Gusa skrini mahali penye povu na ushikilie hadi mwanga ufungwe, kisha ushushe mwangaza kidogo, kwani povu jeupe likishaungua haliwezi kurudishwa. Mwenye kamera naye apunguze theluthi moja hadi mbili za kituo (kipimo cha mwanga kwenye kamera) kwa sababu hiyohiyo, akiangalia grafu ya mwanga badala ya kuamini kioo, ambacho juani hakionekani vizuri hata hivyo.

Rangi ya maji iache ilivyo. Upepo ukivuruga ghuba yetu, maji huwa ya kahawia iliyochanganyika na kijani, na picha iliyopakwa buluu ili ifanane na bahari itakataliwa na kila mtu aliyewahi kuvuka ziwa hili.

Hatua ya tano: geuka

Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi kutoka mjini, na kwa sababu hiyo jua letu huzama karibu wima. Mwanzoni mwa Novemba huzama saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, katikati ya Februari karibu saa moja, na katika tarehe yoyote ile baada ya kuzama hubaki takriban dakika ishirini za mwanga wa kutosha. Ukichelewa kwa sababu ya foleni ya bodaboda pale njiani, umeikosa.

Jambo ambalo wapiga picha wengi wa Dunga hawalifanyi ni kugeuka kulipa ziwa mgongo. Upepo uleule unaotoka ziwani alasiri husukuma unyevu kuelekea nyanda za juu, na huko juu ya Nandi na Kericho mawingu hurundikana hadi yawe meusi, huku upande wa ziwa anga likibaki wazi. Jua la jioni likipenya chini, hupiga ubavu wa mashua zilizopandishwa nchi kavu na vichwa vya mafunjo, nyuma yake kukiwa na anga la rangi ya makaa. Rangi hazihitaji kuongezwa chochote. Mvua ikiwa inanyesha huko, kuna nafasi ya upinde wa mvua, ambao hujitokeza upande ulio kinyume cha jua, na jua lenyewe likiwa chini ya nyuzi 42 hivi kutoka upeo wa macho, yaani huku kwetu kuanzia karibu saa kumi alasiri. Ukiwa na kichujio cha kupunguza mng'ao (polaraiza), kizungushe kwa uangalifu, kwani kinaweza kuufuta upinde wote mbele ya macho yako.

Watu, wanyama na idhini

Ufuo ni mahali pa kazi. Siku ya upepo akina mama wanaoanika omena wana shughuli maradufu, kwa sababu kingo za nyavu huinuka na lazima ziwekewe mawe. Mikono inayoweka jiwe juu ya wavu unaopepea ni picha bora ya upepo kuliko nyingi nilizozitaja hapo juu, lakini haipigwi kwa kuvizia. Salimia, jitambulishe, eleza unachofanya, na ukinunua kitu usikifanye kama malipo ya picha. Mama mmoja aliniambia, "Piga, lakini kwanza nishikie huu upande." Nikaushika, mawe yakawekwa, na hapo ndipo nikapiga. Picha nilimtumia jioni ileile. Ukitaka kuzunguka na vifaa vingi, pita kwanza kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, na kwa droni kumbuka kwamba kuirusha nchini kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mbali na kwamba upepo huu huu unaweza kuipeleka majini.

Viboko wapo. Jioni ikiingia, usichuchumae kwenye ukingo wa mafunjo ukitafuta pembe ya chini, hata kama umefanya hivyo mara kumi bila tatizo. Ukipanda boti siku ambayo upepo ni wa wastani, vaa jaketi la kuokolea kabla ya kamera kutoka mkobani.

Hatua ya mwisho: nyumbani

Usichague picha usiku uleule. Zihamishe kwenye kompyuta, kisha uziache hadi kesho, maana ukiwa bado unasikia upepo masikioni kila picha itaonekana kuwa nao. Kesho yake fungua kila moja kwa ukubwa kamili na uangalie kwanza kile ambacho hakikupaswa kusogea: nguzo, mti, pua ya mashua iliyo nchi kavu. Kikiwa kimefifia, futa bila huruma. Nyoosha mstari wa upeo wa maji, ambao siku ya upepo hupinda mara nyingi kwa sababu mpiga picha mwenyewe alikuwa ameinama. Ongeza utofauti wa mwanga kidogo kwenye mawingu, uyaache maji.

Kamera nayo ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, vitambaa vya lenzi vifuliwe bila sabuni yenye mafuta, na mkoba uachwe wazi hadi asubuhi, kwa sababu mchanga laini wa Dunga hujificha kwenye zipu.